Mataruma ya Darajani

Jina alilopewa na wazazi wake hata majirani walishalisahau. Walimwita Taruma, kwa ajili ya mataruma, zile mbao nene zinazolazwa chini ya reli. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kukaza nati na kubadilisha mbao zilizooza, mpaka miguu ikajua hatua moja tu, ya kutoka taruma hadi taruma. Hata sebuleni alitembea hivyo. Marehemu mkewe alikuwa akimtania, "Wewe hata siku ya kwenda peponi utauliza treni inaondoka saa ngapi."

Njia ilipofungwa, vyuma viling'olewa vikapakiwa kwenye malori, na mataruma ya bondeni yakageuka miimo ya milango ya watu. Hapo Taruma alinyamaza. Lakini daraja la mtoni, lililobaki na vyuma na mbao zake zote, hilo aliling'ang'ania. "Atakayegusa daraja langu nitamvunja mikono!" Hakuna aliyemwajiri kulilinda, ila watu waliijua fimbo yake na mdomo wake, wakaliacha.

Na sasa mzee jeuri huyu alikuwa haoni. Macho yalianza kwa ukungu, yakamalizikia kwenye kiza, ikabaki nuru ya kumwambia huu mchana, huu usiku. Hakumwambia mtu. Alikaa kibarazani kama kawaida, akiwajua wapita njia kwa sauti: "Shikamoo, mzee!" "Marahaba, wanangu, mmebeba nini leo?" "Kuni tu, mzee!" Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wahenga hawakukutana na Taruma.

Binti yake, fundi cherehani mjini, akaja kumchukua. Alikuwa amesikia maneno.

"Baba, huoni. Twende tukaishi wote."

"Mbea gani kakwambia? Mimi naona mpaka unachowaza!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mzee akatoa sharti: watembee wote juu ya njia ya zamani, mpaka stesheni iliyo ng'ambo ya mto. "Nikijikwaa hata mara moja, nifungie virago. Nisipojikwaa, uniache nife kwangu." Binti akakubali. Usidhani ulikuwa mchezo. Katika nyumba ile mzee alijua kila kigoda na kila msumari, akatembea bila kupapasa. Kwenye nyumba nyingine yoyote angekuwa kipofu.

Basi wakatoka, mzee mbele, fimbo mkononi kama ya mikogo tu. Kokoto za reli zilikuwa bado zipo chini ya majani. Zikilia chini ya kiatu, yuko njiani. Pakiwa laini, amepotoka, anajirudi haraka akijifanya anakohoa. Jasho lilimtoka hadi kwenye kope. Nyuma yake zilimfuata hatua za binti.

"Baba, lile tangi la maji pale limebaki vilevile?"

Tangi lilikuwa mkono wa kulia, kabla ya kona. "Limeinama kidogo, kama siku zote," akajibu.

"Mm," binti akasema.

Mm ya nini? Mzee akaitafuna mm ile mpaka aliposikia maji yakinguruma na upepo ukimpiga usoni. Wamefika darajani. Binti daraja hili alilichukia tangu utotoni, alipokuwa akimletea baba yake chakula. Alikuwa akisimama ukingoni analia, baba anamshika mkono: "Usitazame chini, mama. Mguu, taruma. Mguu, taruma."

"Imetosha, baba," akasema sasa. "Turudi."

Ahaa, mtego! Akirudi ameshindwa. "Nirudi? Thubutu!" akasema, akapanda darajani kabla binti hajamfikia.

Mguu, taruma. Mguu, taruma. Loo, raha iliyoje! Yalikuwa pale pale yote, na miguu ikacheka. "Unaona?" akapaza sauti. "Nani kipofu sasa?"

"Baba, simama! Simama!"

Mguu ulishanyanyuka. Ukashuka pale taruma lilipopaswa kuwa, ukaendelea kushuka. Mzee akaanguka kifudifudi, paja likachunika, mikono ikakumbatia reli. Fimbo ikamponyoka. Ilichukua muda kabla haijalia kwenye mawe ya chini.

Binti alimfikia akitambaa, akamshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili, analia. Akamvuta mpaka akakaa.

"Mbele kuna nini?" mzee akauliza.

"Hakuna kitu, baba. Vyuma vitupu mpaka ng'ambo."

"Haiwezekani."

Akapapasa, safari hii bila kuficha, mpaka vidole vikagusa kipande cha mbao kilichobaki kwenye nati. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, laini, mvua haijakikwaruza bado. Zamani nani angethubutu? Wamelikata daraja lake mchana kweupe, wakapita na mbao vichwani mbele ya kibaraza chake. Shikamoo, mzee. Kuni tu, mzee. Na yeye akawaitikia marahaba! Kijiji kizima kilijua kuwa haoni. Aliyekuwa akifichwa ni yeye mwenyewe. Akalia kwa aibu mbele ya mwanawe kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mkewe.

"Wewe umejua saa ngapi?" akauliza alipoweza kusema.

"Kwenye tangi. Hakuna tangi, baba. Walishaling'oa."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. "Nipe bega," akasema. "Mimi sioni, mwanangu."

Binti akageuka. Maji yalikuwa yakinguruma chini yake, lakini akaanza: "Mguu, taruma. Mguu, taruma." Baba akafuata sauti.

Kijijini jirani mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake, pananuka mbao zilizokatwa karibuni. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," akaitikia Taruma. "Huo mlango wako mpya unafunga vizuri?"

Mlango ukalia ukifungwa. Mzee hakuliachia bega la binti yake mpaka walipofika nyumbani, na hapo akamwambia alete sanduku la nguo.