Sufuria Ndogo ya Yengtamma

Jirani yangu Munsami alikata miwa hapa Ba, kisiwani kwetu, miaka thelathini na minane, na muda wote huo hakuwahi kushika mwiko. Aliyepika ni mkewe, Yengtamma. Kila jioni mama huyo aliinjika sufuria mbili: kubwa ya mchuzi wao, na ndogo ya samaki wa kuchemsha, bila kiungo chochote, kwa ajili ya paka wake Rani.

"Huyo paka kalazwa wapi, mpaka apikiwe chakula cha wagonjwa?" Munsami alimtania.

"Wewe kula chako."

Machi mwaka jana Yengtamma alianguka akianika nguo, na hakuamka tena. Matanga yalipokwisha, binti yao Roshni akarudi Brisbane, nasi majirani tukarudia shughuli zetu. Munsami akajifunza kupika mchuzi mmoja tu: samaki wa kopo, vitunguu tele, saumu na bizari. Alimpakulia Rani kwanza, ndipo akajipakulia. Aliniambia kula peke yake kulimshinda.

Baada ya miezi miwili paka akawa analala kutwa. Fizi zilimpauka, mkojo ukawa mwekundu wa kuiva. Nikawapeleka kwa daktari wa mifugo, Litiana.

"Mzee, anakula nini?"

"Ninachokula mimi. Simbagui."

"Kina kitunguu?"

"Mchuzi usio na kitunguu ni mchuzi gani?"

Litiana akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Kitunguu na saumu vinaharibu damu ya paka, hata vikipikwa. Mpe samaki wa kuchemsha asiye na miiba, au kuku bila chumvi wala viungo. Yai lililoiva, boga kidogo. Hivyo havimdhuru."

Munsami alimtazama Rani. "Kumbe ndiyo ile sufuria ndogo," akasema.

Rani alikufa siku ya tatu. Tulimzika nyuma ya jiko, amefungwa kipande cha sari. Kisha Munsami akampigia Roshni simu, nami nimekaa naye barazani nikisikia yote.

"Mama yako aliwahi kukwambia habari za vitunguu na paka?"

"Aliniambia, Baba."

"Mimi hakuniambia."

"Alikwambia. Ulikuwa unacheka."

Munsami alijifuta uso kwa kiganja. "Niambie na mengine aliyokuwa akisema."

Roshni akaanza kumsimulia, polepole, na baba yake hakumkatiza.