Mimi Nitakula ya Kwake

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unyamaze unisikilize. Sikuota, sikulewa, wala sikuhadithiwa na mtu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, na mpaka leo ulimi wangu ni ushahidi.

Mimi ni mama wa malewa, mgahawa mdogo wa mtaani, hapa Majengo. Mabenchi mawili, masufuria, makala ya kuwashia moto, na watu wanaokuja na njaa yao. Sina diplome, lakini maharagi yangu! Uliza mtu yeyote wa avenue yetu. Wenye pikipiki walikuwa wanawaacha wateja barabarani ili waje kula kwangu.

Rafiki yangu Furaha naye alikuwa na malewa yake Keshero. Tumekua pamoja, tumebatizwa siku moja, na nilipozaa, yeye ndiye aliyenishika mkono. Kisha akaugua homa ndefu, na alipopona, ulimi wake ulikuwa umekufa. Chumvi, sukari, pilipili, vyote kwake ni maji tu. Wateja wakamkimbia. Sasa nani alikuwa anamuonjea? Mimi! Kila asubuhi alikuja na kikopo cha mchuzi, naonja, namwambia ongeza chumvi, punguza tangawizi. Sikuchoka hata siku moja.

Basi siku moja akaniambia, "Mama Neema, umenibeba sana. Twende kwenye milima tupumuzike kidogo. Kuko mama mumoja wa zamani kule juu ya Sake, anapika sawa bibi zetu."

Nani anakataa? Mji ulikuwa umenichosha, vumbi, makelele, na ile hofu ya vita isiyoisha. Tukapanda pikipiki, tukapita Mugunga, tukapita Sake, tukaanza kupanda. Eh, Masisi! Majani mabichi, ng'ombe, baridi inayokuosha mapafu. Nilikunywa maziwa ya mgando kwa mchungaji mmoja kando ya njia, nikavua viatu, nikakimbia kwenye majani kama mtoto. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Furaha alikuwa ananitazama tu. Mimi nilidhani ni upendo.

Malewa yenyewe ilikuwa nyumba ya mbao, nyeusi kwa moshi, ina mafiga matatu, vyungu vya udongo na vijiko vya mti. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nilijisikia nimerudi jikoni kwa marehemu mama yangu. Sasa sikia. Moto uliwaka, chungu kilichemka, lakini hakukuwa na harufu. Hata kidogo! Na nyama iliyotundikwa pale haikuwa na nzi hata mmoja. Mpishi mzima, si ningekimbia saa ileile? Mimi nikasema moyoni, kumbe huyu mama ni msafi.

Alikuwa mzee, mfupi, kitenge chake kimepauka. Akauliza, "Nipakulie wawili?"

"Apana, mama," Furaha akajibu. "Mupakulie yeye tu. Mimi nitakula ya kwake."

Mama akanigeukia. "Unakubali akule ya kwako?"

Nikacheka. "Akule, mama! Tangu utoto tunakula sahani moja."

Kwetu, mwenye kupika ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone hakuna karuho, ile sumu yetu. Nilimchunga kwa macho. Akaonja. Nikatulia. Niliogopa sumu, sikuogopa neno.

Maharagi yale, jamani, nitayaelezaje? Siagi ya ng'ombe, kitunguu, na kitu cha utoto wangu ambacho sijui jina lake. Machozi yalinitoka. Lakini kila nilipomeza, koo la yule mama lilimeza pia, pamoja na langu, na mdomoni hakuwa na kitu. Nikageuka nimwonyeshe Furaha. Furaha alikuwa amefumba macho, mikono magotini, hajagusa sahani. Naye alikuwa anameza.

"Chumvi," akanong'ona, huku analia. "Mungu wangu, nasikia chumvi!"

Tonge lililofuata mdomoni mwangu halikuwa na ladha yoyote.

Niliruka nikipiga kelele. Furaha alishatoka mbio, na kule nje nikasikia pikipiki inashuka mlima bila mimi. Mama mzee akanitazama kwa huruma, kweli kabisa, kwa huruma. "Nilikuuliza, mutoto wangu," akasema.

Nilimfuata Furaha Keshero. Unafikiri alikana? Hakukana! "Weye uko na bwana, uko na mutoto," akaniambia. "Mimi nilikuwa na ulimi tu." Nilimlilia kama mtu aliyefiwa. Siku hizi malewa yake inajaa mpaka nje. Hata bwana wangu anakula kule, anadhani sijui.

Nilirudi mlimani peke yangu kuomba changu. Nyumba ipo, mama yupo. Akanikaribisha vizuri, akauliza, "Uko na mwenye utakula ya kwake? Leta mwenye anakupenda. Mwenye hakupendi hawezi kukubali."

Nilikimbia nikateremka. Lakini lile neno nimeteremka nalo.

Sasa anayenionjea kila asubuhi ni binti yangu, Neema. Anashika kijiko, anafumba macho, anasema, "Mama, ongeza kidogo." Ulimi wake ni mzuri kuliko wangu ulivyokuwa. Juzi akaniambia, "Mama, umechoka sana. Twende siku moja kwenye milima, tupumuzike." Nikamfokea mpaka akalia, na hajui kosa lake. Mimi sikumfokea yeye.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza. Mtu akikualika kule juu kwa mama wa zamani, kisha ukamsikia anasema atakula ya kwako, usicheke. Inuka, kimbia. Hata kama anayekualika ni mimi.