Mlinzi Asiyempisha Mtu

Mtaani walimwita Kelele, na jina lilimkaa barabara. Dada yake pekee, opereta wa simu katika ofisi moja ya bima, ndiye aliyemwita Kaka, hata walipokuwa wote wawili wameota mvi.

Opereta akimkumbuka huanzia mbali, sebuleni kwa wazazi wao. Alikuwa na miaka tisa. Surua ilikuwa imemwachia uhai ikamchukulia macho. Kaka, aliyemzidi miaka minne, alikuwa akicheza gemu za magari kwenye kompyuta kuukuu, naye amekaa ubavuni pake akiuliza kila mara, "Sasa nini? Sasa uko wapi?"

Siku moja Kaka uvumilivu ukamwishia. "Ngoja nikue, nitakutengenezea ya kwako, ili uniache nipumue!"

Akakua kweli, akawa fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake. Mchana alitengeneza mashine za watu. Jumapili alizunguka nyumbani na kinasa sauti. Alivaa viatu vya baba akapanda na kushuka ngazi. Alimwaga kokoto kwenye sinia akazikanyaga. Aliufungua na kuufunga mlango wa jikoni mpaka mama akatoka na mwiko mkononi.

"Mlango huo umekukosea nini, wewe?"

"Mama, nyamaza kidogo, unaingia kwenye gemu!"

Ndivyo ilivyozaliwa gemu ya kwanza. Haikuwa na picha hata moja. Kioo kilikuwa cheusi tii. Mchezaji alivaa hedifoni, akajikuta amefungiwa ghalani na mlinzi mwenye funguo kiunoni. Funguo zikilia kushoto, wewe unajibanza kulia, unanyata hadi mlangoni. Kaka aliijaribu akiwa amejifunga kitambaa machoni, na dada yake alimshika akichungulia mara mbili, kwa vile alivyoacha ghafla kukosea.

Opereta alishinda siku ya kwanza. Akashinda ya pili. Ya tatu akavua hedifoni.

"Kaka, huyu mlinzi mbona ananipisha?"

"Anakupishaje?"

"Nikijikwaa, anasimama. Nikichelewa, anakohoa nijue alipo. Umemwambia anihurumie."

Kaka akawa kama kamwagiwa maji. "Sikutaka ushindwe, dada."

"Kila mtu hataki nishindwe. Nikitaka kuchemsha chai, nanyang'anywa birika. Niache nishindwe kama watu!"

Jumapili iliyofuata mlinzi alimkamata mara kumi na moja. Opereta alipiga meza, akalaani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilimchukua wiki mbili kuufikia mlango, na alipoufikia alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna heri gani.

Mwalimu wa shule ya wasioona akaomba nakala, akawapa wenzake, nao wakawapa wenzao. Barua zikaanza kuingia. Seremala mstaafu, aliyepoteza macho uzeeni, aliandikisha kwamba kwake kila mtu humwondolea vigoda njiani, na humshika mkono hata akienda kuketi. "Mlinzi wako peke yake ndiye anayenichukulia kama mwanamume mzima," alisema. Kaka alimsomea dada yake barua hiyo mara tatu.

Zilifika gemu tisa katika miaka ishirini. Kisha moyo wa Kaka ukaanza kumsumbua, na kabla hajatimiza miaka hamsini na tano, akaaga dunia.

Kwa mwaka mzima opereta hakugusa kompyuta. Lakini kompyuta mpya zilikuja, na gemu za zamani zikagoma kufunguka. Wachezaji wakaanza kumtafuta kazini.

"Ofisi ya bima, tukusaidie?"

"Samahani, mama. Ghala halifunguki."

Mwanzoni aliomba radhi tu. Baadaye akapiga moyo konde, akamtafuta yule mwalimu, ambaye naye haoni, wakaketi pamoja kila Jumamosi. Kompyuta iliwasomea kwa sauti mistari aliyoandika Kaka, mmoja baada ya mwingine. Walikutana na maneno aliyojiachia katikati ya programu: "Hapa nimebahatisha, msiniulize." Kwingine: "Kama hii inafanya kazi, sijui kwa nini." Opereta alicheka, kisha akashindwa kuendelea, na mwalimu akasema anakwenda kuchemsha chai.

Ghala lilifunguka mwezi wa saba. Sasa gemu tatu zinachezeka. Ya nne ni ya mashua gizani, na Kaka aliifunga programu yake mafundo ambayo yeye mwenyewe tu ndiye angeyafungua.

"Ungeandika hata neno moja la maelezo, Kaka," opereta hunung'unika.

"Turudi juu?" mwalimu huuliza.

"Turudi."

Wanarudi mstari wa kwanza, wanasikiliza.