Mwizi wa Mwezini na Masikio ya Babu

Kitabu hicho hadi leo kinanuka moshi. Nikikifungua, pua yangu inarudi Rungwe, kwenye jiko letu la mianzi ambako mama alikihifadhi darini juu ya mafiga ili mvua zetu zisikioteshe ukungu. Jalada liling'oka kabla hakijatufikia, kwa hiyo sijui kinaitwaje wala nani alikitunga, na sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyekisoma. Hasara yao.

Ndani yake watu wamehamia mwezini. Wanaishi katika mji uliofunikwa kwa kioo, na kila asubuhi wanagawiwa mitungi ya hewa. Mitungi inaanza kuibwa. Anaitwa mpelelezi wa kujitegemea, Bwana Zimbwe, mwenye koti refu na ofisi isiyo na wateja, naye anawashuku watatu: daktari, mpishi, na mtu wa chuma anayeandaa chai. Baba alituletea kitabu hicho wakati reli ilipokuwa ikijengwa, kisha akarudi kambini kwenye kazi yake.

Nyuma yake aliacha shida. Mama alikuwa Mhehe, kwao karibu na Tosamaganga. Kwetu Wanyakyusa, wakati ule, mke na baba mkwe wake hawakutani, hawatazamani, hawasemeshani. Babu akitaka kupita uani alikohoa kwanza, na mama akajificha nyuma ya jiko mpaka apite. Mama hakulelewa hivyo, na kila kikohozi alikisikia kama tusi.

"Babu yako hanipendi," alininong'oneza siku moja jikoni, mlango umefungwa, akikunja nguo zake sandukuni. "Mvua zikipungua nakwenda kwetu Iringa. Wewe utabaki, ni mtoto wa huku."

Niliogopa mpaka nikashindwa kula, na mimi sikuwa mtoto wa kushindwa kula.

Jioni kazi yangu ilikuwa kumsomea Babu barazani. Siku ya kwanza nilisoma kwa sauti ya kawaida, akaweka kiganja sikioni.

"Paza sauti, Tusekile. Masikio yangu yamezeeka."

Nikapaza mpaka kuku wakahama. Jikoni, ng'ambo ya ua, mwiko uliacha kugonga chungu.

Nilipokwenda kula, mama aliuliza kama mtu asiyejali, "Sasa huyo daktari alikuwa wapi usiku ule?" Hapo nikapata akili: mama hataondoka kabla hajamjua mwizi! Nikaanza kusoma kidogo kidogo, nikisingizia giza, nikisingizia koo. Ajabu ni kwamba Babu hakulalamika. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Rudia hapo, sikusikia," tukarudia ukurasa ambao tayari nilikuwa nimeukariri.

Babu alimshuku mtu wa chuma. "Mtu asiyekula, unamwachiaje ghala?" Nikalipeleka neno hilo jikoni, mama akacheka.

"Kamwambie ni mpishi. Anasema alikuwa anapika maharage, halafu nusu saa tu anapakua. Maharage gani hayo? Mimi hapa yananimalizia kuni mchana kutwa!"

Nikarudi barazani mbio. Babu akafikiri, akakataa, akanituma tena. Mvua zikapungua hivyo hivyo, mimi nikikatiza ua kati ya wapelelezi wawili wasioonana, na nilikuwa na furaha sana.

Lakini kitabu kina mwisho. Bwana Zimbwe alifunua sufuria ya mpishi mbele ya mji mzima, na chini ya maharage mabichi kulikuwa na vizibo vya mitungi. Kabla sijamaliza sentensi, mama alipiga kigelegele jikoni. Babu alicheka mpaka akakohoa, na safari hiyo kikohozi chake hakikumfukuza mtu.

"Kamwambie mama yako ameshinda," alisema. "Na umwambie, siku nyumba hii ikiibiwa nitampata wapi mpelelezi, kama yeye yuko Iringa?"

Nilimfikishia. Mama alijifuta macho kwa khanga, akasema ni moshi. Kesho yake nguo zake zilikuwa zimerudi kwenye kamba ukutani, na sanduku limejaa maharage ya mbegu.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa mimi na ujanja wangu ndio tuliomzuia mama. Nilikuja kuolewa, na siku moja nikiwa jikoni kwa wakwe zangu, namenya ndizi huku nikisikiliza wanavyozungumza sebuleni, nikajiuliza swali ambalo Bwana Zimbwe angejiuliza siku ile ile: nani alimwambia Babu habari za Iringa? Mimi sikumwambia mtu. Na mama alizisema mara moja tu, kwa kunong'ona, mlango umefungwa.

Masikio ya Babu hayakuwa na ubovu wowote. Jioni zote zile alinipazisha sauti ili mama asikie.