Maksai wa Harusi na Mgeni wa Huenda

Aibu zangu ni nyingi, na nyingine nimekwishajisamehe, lakini hii ya maksai wa Mzee Ntandu ikinijia hata nikiwa peke yangu shambani natazama chini, kwa hiyo chekeni mapema tumalizane.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa karani na mkalimani wa baraza upande wa Mtinko, kijana wa kaptura iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini (moja ilikuwa imefifia kuliko mwenzake, lakini nani angeangalia), na nilikuwa nimemposa Mariamu, binti wa Mzee Ntandu. Mahari ilishakubaliwa, harusi ilikuwa baada ya mavuno, na mzee alikuwa amemtenga maksai mmoja mweusi mwenye paji jeupe, mnene hata akitembea anahema, wachuuzi wa mnadani wakambembeleza mwaka mzima na yeye akawajibu kwamba huyo ni wa harusi ya Mariamu, waende zao.

Kiingereza nilikipata shule ya misheni kwa Mwalimu Yohana, mtu wa fimbo na miwani, na somo alilolipenda kupita yote lilikuwa la maneno ya kukisia. Alisema Mwingereza ana ngazi zake: akisema "may", jambo huenda likawa, akisema "might", huenda likawa lakini usitandike mkeka, akisema "could", linawezekana, ila usimuulize lini. Tukamuuliza, na "must" je? Akasema, "Hiyo ameiweka kwa ajili yenu." Somo lile nilipata alama zote, kwa hiyo msije mkasema sikujua.

Shida ilikuwa baraza lenyewe. Karani aliyenitangulia alikuwa mwaminifu, Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akisema "might" naye anasema huenda, na watu wakamcheka, wakasema Kizungu hakijamwingia huyu, anabahatisha tu, msomi gani kila neno lake huenda? Wakambandika jina la Karani Huenda mpaka akaomba kuhamishiwa Manyoni. Mimi nikajiapia kwamba jina hilo halitanipata, tena mbele ya mkwe.

Basi akaja Bwana Shauri mpya, kijana mwekundu ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "jambo" na "upesi". Mzee Ntandu alikuwa amekaa mbele kabisa na wazee wenzake. Bwana Shauri akaanza na "must" tatu, za kufagia barabara, kuchimba matuta na kuogesha ng'ombe (hizo hazikunipa taabu hata kidogo), kisha akasema kwamba Bwana Mkubwa wa Jimbo "might" akapita Alhamisi, na "could", nafasi ikiruhusu, akatazama habari ya kisima. Nikamwona Mzee Ntandu amenikazia macho, mkono sikioni. Neno "huenda" lilikuwa limeshafika ulimini, nikalimeza.

"Bwana Mkubwa wa Jimbo anakuja Alhamisi," nikatangaza, "na kisima mtachimbiwa!"

Vigelegele! Bwana Shauri akaniuliza kama wamefurahi, nikamwambia sana, naye kwa furaha akaongeza "might" mbili nyingine, moja ya zahanati na moja ya josho, nami nikavijenga vyote palepale bila tofali moja, watu wakapiga makofi mpaka Bwana Shauri akavua kofia.

Alipoondoka, Mzee Ntandu akasimama. Kwetu mgeni mkubwa hafiki ndipo mkaanza kukimbizana na ng'ombe zizini, anakuta nyama iko motoni tayari, vinginevyo ni sawa na kumwambia hatukumtaka. Wazee wakatazamana, kisha wote wakamtazama mwenye maksai.

"Karani," mzee akaniuliza taratibu, "una hakika anakuja?"

Hapo ndugu zangu mlango ulikuwa wazi, ningetoka na neno moja tu. Lakini Mariamu alikuwa amesimama na wenzake pembeni, ananitazama.

"Anakuja, baba. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi. Mkwe wangu amesema."

Alhamisi barabara ilifagiliwa hata kuku waliogopa kuivuka, pombe ya mtama ikajaa mitungini, ngoma zikawambwa, na maksai mweusi mwenye paji jeupe alikuwa kwenye vyungu. Tukasubiri. Jua likafika utosini, likapita, kila vumbi likiinuka tunapanga mistari, kumbe ni mbuzi. Jua likiwa limeshainama ndipo akatokea tarishi mmoja juu ya baiskeli, anatokwa jasho, na barua mkononi.

Nikaipokea nikataka kujitenga nayo. Mzee Ntandu akasema, "Isome hapa hapa, tusikie wote."

"Bwana Mkubwa," nikaanza, "ameugua ghafla..." Mwalimu Yohana, ambaye naye alikuwa amealikwa (nani alimwalika sijui mpaka leo), akasogea, akavaa miwani, akachungulia begani kwangu.

"Soma kilichoandikwa, kijana."

Nikasoma. Bwana Shauri alisema, kama alivyowaambia barazani, Bwana Mkubwa huenda angepita, lakini amepita njia nyingine, na barabara ni lazima ifagiliwe tena baada ya mvua.

"Kama alivyotuambia?" Mzee Ntandu akauliza. "Alituambia lini?"

Mwalimu Yohana akaniuliza mbele ya watu wote, kama zamani darasani, "Alitumia neno gani?"

"'Might', mwalimu."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Anakuja."

Nyuma kule mtu akapasuka kicheko, akasema, "Kumbe Karani Huenda ndiye aliyekuwa anajua Kiingereza!" Baraza zima likacheka, hata tarishi, mgeni wa watu ambaye hakujua kisa. Nilitamani ningekuwa na mahali pa kuziingiza zile soksi pamoja na miguu yangu.

Mzee Ntandu peke yake hakucheka. Akaenda kwenye chungu, akanichagulia pande kubwa kuliko yote, akaniletea kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula," akasema. "Ni nyama ya harusi yako."

Nilikula, ningefanyaje, na machozi yalinitoka mbele ya watu, wala haikuwa pilipili.

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Akanionyesha ndama mweusi bado ananyonya, akasema huyo akinenepa kama yule, nitamchukua Mariamu. Nikauliza atanenepa lini.

"Huenda mwakani," akasema, "huenda mwaka wa pili. Lugha hiyo wewe unaijua."

Misimu mitatu ya mvua nilimchunga ndama yule kila nikitoka ofisini, kwa soksi zilezile. Tukaoana. Na tangu hapo mtu akinialika shughuli yake namjibu huenda, hata kama nimeshavaa viatu, wengine wananiona nina maringo, na Mariamu huwaambia, "Mwacheni, uhakika wake tuliula wote siku ile."