Alama za Bukuru: mama mkwe alivyonielewesha unabii wa Masihi mwaka aliotaka kukata tamaa

Wakuu, nawasalimu kutoka huku mwisho wa reli, Kigoma.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikaandika tena, maana jukwaa letu nalijua. Ukigusa dini tu watu wanavua mashati. Lakini hili limetokea sebuleni kwangu, nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye stuli, na chumvi sitaongeza. Mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Mimi nauza spea za injini za boti pale Kibirizi, boti zinaposhusha watu. Plagi, propela, oili, vitu hivyo. Ni Muha, Mkristo wa kawaida tu, yule wa benchi la nyuma karibu na mlango.

Mke wangu anaitwa Butoyi. Watu wa huku mshaelewa, lakini kwa wengine: Butoyi ni jina la pacha anayefuata. Aliyetangulia kutoka anaitwa Bukuru.

Bukuru wa mke wangu alipotea.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alikimbia vita Burundi miaka ya tisini. Mume ameshauawa, yeye yuko na pacha wake wadogo, ndio kwanza wanajua kuongea. Wakafika ufukweni Kagunga. Kutoka pale kuja mjini usafiri ni boti, na ufukwe ulikuwa umejaa watu wanazigombania, mvua inapiga. Mama akampakia Bukuru kwanza, akageuka kumnyanyua Butoyi. Kugeuka tena, boti imeshasukumwa.

Hebu mzazi fikiria hapo.

Alibaki Kagunga akaugua tumbo nusura afe. Alipopata nguvu wakampeleka kambini na mtoto mmoja. Ile boti ilikuwa ya nani, ilishusha wapi, hakujua. Ila tangu siku hiyo yeye ni Mama Bukuru. Ukimwita Mama Butoyi haitiki, anakuangalia tu kama hukuongea.

Niseme na hili, mtaona kazi yake mbele. Mke wangu ana kituko cha kulala ameziba sikio la kushoto kwa kiganja. Tulipooana nilijua nakoroma, nikaona aibu wiki nzima. Kumuuliza, akasema ndivyo anavyolala tangu utoto na sababu haijui. Basi, nikamwachia.

Turudi kwa mama mkwe. Huyu mama kanisani kwetu ndiye mwalimu wa Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi. Kila mwaka anafundisha jambo moja: unabii wa Masihi. Kwamba Mika alitaja Bethlehemu, kamji kadogo ambako hakuna aliyekategemea. Zekaria akaona mfalme amepanda punda. Isaya akaona mtumishi anayedharauliwa na kupigwa kwa makosa ya wengine. Zaburi ikataja nguo zinazopigiwa kura. Halafu anafungua Injili na kuonyesha moja moja ilipotimia. Amekariri yote, na ukisinzia anakutaja jina.

Maelezo yake ni ya huku huku kwetu. Anasema, "Mgeni wa Kagunga akija na wewe humjui, si wanakupigia simu wanakupa alama? Ana kofia nyekundu, amebeba kuku, ana mwanya. Unasimama Kibirizi unaangalia watu wanaoshuka. Basi Mungu naye alitanguliza alama, ili Mwanawe akishuka asikosewe."

Mimi ni mbishi wa asili. Mwaka juzi nilimuuliza mezani, kwa heshima lakini, "Mama, huoni kama wale walioandika baadaye walizisoma hizo alama, wakamshonea nguo ya kumtosha?"

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mama hakukasirika. Akasema, "Mtu anajishonea nguo nzuri, baba. Nani anajishonea ya kutemewa mate? Na hao manabii hawakukaa kikao. Kila mmoja alipewa kipande chake, mwingine ameshakufa zamani, mwingine hajazaliwa. Vipande vikikutana kwa mtu mmoja, mimi naamini."

Halafu akaongeza, "Hata mimi ndivyo nilivyofanya kwa Bukuru."

Siku hiyo ndiyo nikajua. Mwanzoni alipomtafuta mwanawe walikuja matapeli, wakimletea vijana wa kuokoteza. Akajifunza. Akaacha kumwambia mtu mmoja alama zote. Ya kovu alimwambia mchungaji wa kambini. Ya nguo aliyovaa mtoto alimwambia mama mmoja wa Kagunga. Alituma matangazo kanisa kwa kanisa, kuanzia Kagunga mpaka Kasulu. Na alama moja hakumwambia kiumbe yeyote, hata Butoyi.

Matangazo yalisomwa weee, miaka ikaenda. Kimya.

Sasa mwaka jana mambo yakabadilika. Mama presha ilimsumbua, macho nayo yakaanza ukungu. Ndugu zake waliobaki wakaja, tukakaa kikao. Wakasema mtoto huyu hajawahi kuombolezwa, ndiyo maana dada yetu hapumziki. Tufanye ibada ya kumuaga, tuweke msalaba wenye jina lake, yaishe. Ikapangwa baada ya Krismasi.

Tulitegemea akatae. Alisema "sawa" kwa sauti ndogo, akaomba maji ya kunywa.

Wakuu, ile "sawa" iliniuma. Mwanamke aliyetufundisha kungoja maisha yake yote, anakubali msalaba wa mtu ambaye hajamwona amekufa. Mke wangu alilia jikoni, mimi nikatoka nje nikajifanya natengeneza geti.

Desemba hiyo kanisa likafanya mkutano wa injili uwanjani Ujiji. Huku kwetu mikutano inapangwa kipindi cha mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi hawaendi ziwani, watu wote wapo nchi kavu. Spika zikafungwa jioni mapema. Kundi letu mbele, na Waislamu majirani kwenye vibaraza vyao wanakula kashata, wanasikiliza bila neno. Ujiji tunaishi hivyo.

Mama akapewa nafasi afundishe alama za Masihi. Akafundisha kama kawaida yake. Alipofika kwenye kukataliwa, kwamba alikuja kwa walio wake wasimjue, akakatisha somo.

Akasema kwenye kipaza, "Na mimi nina mtu wangu niliyemngoja kwa alama. Mwaka huu namuaga. Kwa hiyo leo nazisema hadharani, hazina kazi tena."

Akazisema. Bukuru. Pacha. Boti ya Kagunga siku ya mvua. Shati la kijani la mikono mirefu. Kovu la uji wa moto nyuma ya mguu wa kulia. Halafu akasema, "Imebaki moja. Hiyo nitazikwa nayo."

Hata wauza karanga waliweka sinia chini.

Kesho yake asubuhi tuko nyumbani, mtaa wa Mwanga hapa mjini, tunasikia hodi. Mama mtu mzima wa Kiislamu, baibui jeusi, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Akajitambulisha kwa jina la Bi Mwamvua, anakaa Ujiji jirani na ule uwanja, anakamua mawese. Tukampa kiti. Hakukaa.

Akamgeukia mama mkwe. "Dada yangu, nimekusikia jana kutoka kibarazani kwangu. Sikulala. Nikajiambia nikinyamaza hakuna atakayejua. Halafu nikajiambia, Mungu atajua."

Mama akasema, "Sema, mwenzangu."

"Marehemu mume wangu alikuwa na boti ya mizigo. Mwaka ule wa vita alirudi kutoka Kagunga, wakashusha watu Kibirizi, kwenye turubai akabaki mtoto amelala. Ana shati la kijani. Hana mwenyewe. Mume wangu akauliza watu siku nzima. Akamleta nyumbani, akatangaza msikitini, Ijumaa baada ya Ijumaa, misikiti yote ya Ujiji mpaka Gungu. Hakuja mtu. Mtoto anasema yeye ni Bukuru, sasa Kigoma hii ukiita Bukuru sokoni si watageuka wengi? Tukamlea. Ilikuwa mwezi wa mfungo, tukamwita Ramadhani."

Hata hapo ubishi wangu haujaondoka. Shati na boti si vimetangazwa jana kwenye spika? Mtu yeyote amesikia. Nikamwangalia mama mkwe, naye katulia kabisa, anasubiri.

Bi Mwamvua akaangua kilio. "Lakini huyo mtoto, dada yangu, alinitesa! Alikuwa halali mpaka ashike sikio la mtu. Ukimtoa mkono anaamka, anatafuta. Mimi nimelala nimeshikwa sikio mpaka alipoanza shule."

"Mawe we!" Mama akapiga yowe la Kirundi, yaani mama yangu we, akateleza kwenye kochi mpaka chini.

Nikajua presha. Nikamkimbilia, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja, anapiga sakafu kwa kiganja. "Sikio la Butoyi! Alikuwa anashika sikio la Butoyi!"

Nikageuka kumtazama mke wangu. Amesimama mlangoni na sahani, mkono mmoja umepanda wenyewe kwenye sikio la kushoto.

Nimeishi na huyu mwanamke miaka yote hiyo, najiuliza anaziba nini. Kumbe alikuwa anajishikia mahali pa mwenzake. Wakuu, nililia. Sina haja ya kuficha, nililia kama mtoto.

Bi Mwamvua akapiga simu. Baada ya muda boda ikasimama nje, akashuka jamaa ana ovaroli na buti, grisi mpaka kwenye kope.

Nikasema, "Rama?!"

Rama Fundi! Fundi wa injini Kibirizi, mteja wangu wa siku zote! Wiki ile ile alikuwa ameniita mwizi dukani kwa sababu ya bei ya plagi, na mimi nikamwambia akachonge ya mti. Tumekula wote mihogo, tumetukanana mpira, mguu wake sijawahi kuuona nje ya buti. Mnaniuliza kama wanafanana? Leo naona, pua ile ile. Zamani niliona grisi tu.

Kwamba hakuzaliwa Ujiji alikuwa anajua, Bi Mwamvua alimwambia alipokuwa mtu mzima. Akaanza kuinama avue buti aonyeshe kovu. Mama akamshika mkono.

"Acha, mwana wanje, mwanangu. Nimeshakuona."

Bi Mwamvua alikuwa amejibanza ukutani kama mtu anayesubiri hukumu. Mama akamvuta, akamkalisha katikati. "Usiogope. Hakuna anayekunyang'anya. Mimi nilimzaa, wewe ndiye uliyeshikwa sikio."

Watakuja wa kuuliza vipimo vya DNA. Hata mimi niliuliza. Nikatazamwa na kila mtu mle ndani, nikaenda kuchemsha chai.

Sasa jambo lililonifanya nilete uzi huu. Jumapili iliyofuata Mama alifundisha somo lile lile, ila safari hii alianza na yeye mwenyewe. Alisema:

"Nimewalaumu sana watu wa zamani. Nikiwaambia, walikuwa na alama zote, wakamkosa kwa sababu walizichanganya na za kwao. Nabii alisema Bethlehemu na punda, wao wakaongeza ikulu na farasi. Kumbe na mimi. Nilisema jina, kovu na shati, halafu moyoni nikaongeza yangu: atakuwa kanisani. Nikatangaza makanisa yote. Wenzangu wakatangaza misikiti yote. Mtoto yuko katikati, anatengeneza injini."

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Mimi zamani nilisikia habari za unabii kutimia nikadhani ni kama kukagua hesabu, hii sawa, hii sawa. Kwa Mama nimeona ni kitu kingine. Ni mtu kupewa alama na kuzishika miaka mingi, hata anapochoka, halafu aliyengojwa anafika kwa mlango ambao hakuutazamia, na bado ni yeye. Siwezi kumthibitishia mtu yeyote hapa kwamba Yesu ndiye. Ila nimeelewa kwa nini mama yule anaamini, na siku hizi nimehama benchi la nyuma.

Rama ni Mwislamu na ataendelea kuwa Mwislamu, asije mtu kuuliza amebatizwa lini. Ile ibada ya msalaba ilifutwa. Krismasi Rama alimleta Mama kanisani kwa pikipiki mpaka getini, akamsubiri nje, tukarudi wote nyumbani kula pilau. Bi Mwamvua ndiye aliyepika, maana alisema ya mke wangu haina viungo.

Karibuni mchangie, wa kanisani na wa msikitini, ila matusi acheni getini. Na kama kuna mtu wenu mnamtafuta, hebu jiulizeni ni mlango gani hamjawahi kubisha.

Nimesahau kitu. Siku ile ya Krismasi baada ya kula nilisindikiza wageni mpaka barabarani. Kurudi sebuleni nikamkuta mke wangu amepitiwa na usingizi kwenye kochi, kaka yake anakoroma chini kwenye mkeka, redio inaongea peke yake.

Mikono ya mke wangu yote miwili ilikuwa mapajani, sikio la kushoto liko wazi. Nikazima redio, nikakaa kwenye stuli nikimwangalia.