Albamu Iliyokataliwa Mara Mbili

Magdalena Mkude anauza iliki, mdalasini na pilipili manga sokoni Morogoro. Ukimwona anavyobishana na mteja juu ya fungu la karafuu, huwezi kudhani kwamba mikono ile iliwahi kupiga gitaa la besi mpaka vijana wa stendi ya Msamvu wakasahau kupanda mabasi yao. Lakini ndiye. Alikuwa mpiga besi wa Ukungu wa Bondwa, bendi ya roki iliyozaliwa ndani ya gereji ya Hamza, mpiga solo wao, yenye magitaa ya mwangwi mwingi yaliyomzungusha msikilizaji kichwa kama homa, ila homa ya kupendwa.

Bendi hiyo ilitoa albamu tatu. Ya kwanza ilichezeka, kila baa iliipiga. Ya tatu ndiyo iliyoingia redioni, na hadi leo inasindikiza maharusi ukumbini. Ya katikati, Kati ya Mvua, haina wa kuitaja. Hamza mwenyewe akihojiwa huiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. “Pale tulikuwa bado tunajitafuta,” husema, kisha anahamia ya tatu haraka haraka.

Magdalena akiyasikia maneno hayo huchemka, na ana haki ya kuchemka. Kujitafuta gani, wakati yeye alijua vizuri kabisa walikokuwa wanakwenda? Ndiye aliyewapandisha wenzake milimani Matombo, kwa ndugu za mama yake, wakawasikilize wajomba wakipuliza filimbi za mwanzi. Kila mtu hushika filimbi moja, na kila filimbi ina sauti moja tu. Wimbo hauko kwa mtu mmoja. Unapita mdomo hadi mdomo, na mmoja akichelewa, wote wanamgeukia. Hamza siku ile alikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, akasema kuanzia leo magitaa yetu yatapigwa hivi. Na yalipigwa hivyo, filimbi zikiwa katikati yake.

Kabla hawajarekodi, mjomba Tomasi, aliyeshika filimbi nene kuliko zote, akafariki. Katika ukoo ule, filimbi ya marehemu haipulizwi mpaka wazee wakae na kumpa mtoto mmoja wa dada zake. Kabla ya hapo, zamu ya marehemu ikifika wote hunyamaza, wimbo unavuka pengo lake na kuendelea. Wajomba walirekodi hivyo hivyo. Magdalena hakumweleza mtu wa studio habari za pengo. Kwao jambo hilo halielezwi. Mtoto hukua nalo tu. Basi yule prodyuza wa mjini akaona wazee wamekosea, akawafanyia hisani: akayajaza mapengo yote kwa kinanda, sauti nene vilevile. Wema wa namna hiyo bora mtu akunyime.

Mjini wakasema muziki huo hauchezeki. Kule Matombo, mjomba Amosi, mdogo wake Tomasi, aliusikia mara moja kwenye kaseti, akaizima.

“Mmempulizia marehemu kwa mashine,” alisema.

Kuanzia hapo wazee hawakukaa, na filimbi ya Tomasi ikabaki darini kwa Amosi, bila mwenyewe. Ndilo lililomuuma Magdalena miaka yote. Albamu kukosa wasikilizaji angelivumilia. Kwamba mjomba wake hajarithiwa kwa sababu yake yeye, hapana.

Mwaka huu wanafunzi wa kampasi ya Mazimbu wakaialika bendi. Hamza akapanga nyimbo za albamu ya kwanza na ya tatu. Magdalena akavua mkanda wa gitaa, akaliweka chini.

“Kati ya Mvua, mwanzo hadi mwisho. Ama sivyo, tafuta mpiga besi.”

“Dada Magda, watu watatoka ukumbini.”

“Watoke. Nje kuna kivuli.”

“Na filimbi? Tuweke kinanda?”

Alimtazama kiasi kwamba Hamza akaanza kukaza nyuzi zilizokuwa zimekwisha kukazwa.

Magdalena akapanda Matombo kuwaomba wajomba. Barabara ilikuwa tope, bodaboda ikakwama, akashuka akamaliza mlima kwa miguu. Amosi aliitikia shikamoo yake, akampa ndizi, kisha akazungumzia mvua mpaka jua likapinduka. Alirudi wiki iliyofuata, akapewa ndizi na mvua tena. Safari nyingine hakungoja kukaribishwa. Alichukua jembe, akaingia shambani kwa mzee, akapalilia maharage mgongo ukiwaka moto, bila kutaja filimbi hata kidogo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na huyu mwanamke hajui kukubali.

Jioni Amosi akaja, akasimama kwenye tuta.

“Pengo litakuwepo?”

“Litakuwepo, mjomba. Mashine haitaingia.”

“Watu wa mjini watadhani tumesahau.”

“Wacha wadhani. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia yule bwana wa studio. Mjomba Tomasi hakukosa kitu.”

Mzee aliyakagua maharage yake. “Huku umeacha magugu,” alisema. Kisha akasema watashuka.

Mazimbu ukumbi ulijaa. Katika wimbo wa kwanza, pengo lilipofika, wanafunzi wengine walicheka, na mmoja akapiga makofi kuwasaidia wazee. Magdalena hakumtazama mtu. Alishika besi yake na kungoja zamu ipite. Katika wimbo wa tatu hakuna aliyecheka tena. Ukumbi mzima ulikuwa umeshajua mahali pale, na kila pengo lilipofika wakanyamaza pamoja na wazee. Hamza aligeuka kumtazama Magdalena, mdomo wazi, kama mtu anayeusikia muziki wake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Kabla ya wimbo wa mwisho Amosi akainuka. Akafungua kitambaa, akatoa filimbi nene iliyoiva kwa moshi wa dari.

“Wazee tulikaa juzi,” alimwambia Magdalena. “Shika.”

Magdalena aliogopa. Mikono yake ilikuwa kwenye gitaa.

“Na besi?” Hamza akanong’ona.

“Inyamaze.”

Akalivua gitaa, akaenda kusimama kati ya wajomba. Wimbo ukaanza, ukapita mdomo hadi mdomo ukimjia. Zamu ya Tomasi ikafika, na yeye, aliyezoea kuingoja ipite, akachelewa.

Wajomba wote wakamgeukia.

Akapuliza.